Mwalimu, moli inanishinda na mtihani ni Novemba

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, mchepuo wa sayansi, hapa Tanzania. Kemia naipenda na mada nyingi naziweza, lakini moli imenishinda tangu mwaka jana. Nimekariri kanuni zote nne zilizo kwenye daftari langu. Swali likija kama lile la darasani napata. Likigeuzwa kidogo tu sijui nishike kanuni ipi. Nimebakiza wiki kama tisa. Wenzangu wananiambia niachane na moli, nijikite kwenye mada nyingine. Nifuate ushauri wao?

Marahaba, binti yangu. Usiufuate. Wenzako wanadhani moli ni mada moja kati ya nyingi, kama vile unaweza kuiruka na kuendelea na safari. Lakini swali la ujazo wa gesi ni moli. Swali la kutafuta fomula ya kampaundi kutokana na asilimia za elementi zake ni moli. Umeme unaopitishwa kwenye mmumunyo na kupaka shaba kwenye kijiko nao unamalizikia kwenye moli. Na kwenye karatasi ya vitendo, lile zoezi la bureti na pipeti tunaloliita titresheni, ukishamaliza kudondosha asidi yako vizuri kinachobaki mezani ni moli tupu. Ukiiacha, utakuwa umeacha alama za mada tano au sita.

Tena hukushindwa kwa sababu huna akili ya hesabu. Ulipewa kanuni nne kabla hujaambiwa moli ni kitu gani. Basi tuanzie hapo, na kwa leo lifunge lile daftari.

Sokoni wapo watu wanaouza vitu kwa korija. Korija ni 20, basi. Korija ya kanga ni kanga 20, korija ya boriti ni boriti 20. Idadi ni ileile, lakini korija ya kanga mtu ataibeba kichwani akaenda zake, na korija ya boriti itahitaji mkokoteni na vijana wawili wa kusukuma. Hakuna anayeshangaa kwamba korija mbili zina uzito tofauti, kwa sababu kila mtu anajua korija ni jina la idadi, si jina la uzito.

Moli ni korija ya mkemia. Ni jina la idadi. Kwa kuwa atomu ni ndogo kupita kiasi, idadi yenyewe ni kubwa kupita kiasi: 6.02 × 10²³. Ukitaka kuihisi kidogo, chukua watu bilioni 8, kila mmoja ahesabu chembe moja kila sekunde bila kulala. Kumaliza moli moja kutawachukua zaidi ya miaka milioni mbili. Na moli hiyo moja ya maji ni gramu 18 tu, kiasi cha kijiko kikubwa kimoja na ziada kidogo.

Namba hii inaitwa kwa jina la Amedeo Avogadro wa Italia, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuikokotoa. Alichosema mwaka 1811 ni kwamba ujazo sawa wa gesi zozote, kwenye joto na kanieneo (mgandamizo wa gesi) ileile, una idadi sawa ya molekuli. Lishike hilo, tutalirudia. Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba imewekwa kuwa 6.02214076 × 10²³ kamili; zamani ilielezwa kuwa ni idadi ya atomu zilizomo kwenye gramu 12 za kaboni-12, na vitabu vingi vya shule bado vinasema hivyo. Kwenye hesabu zako hakuna kinachobadilika.

Sasa nifike pale ambapo naamini daftari lako lilikuacha. Kwa nini moli ya kaboni iwe gramu 12, ya magnesiamu gramu 24, ya chuma gramu 56, zilezile namba zilizo kwenye jedwali la elementi? Rudi kwenye boriti. Ikiwa boriti moja ina uzito mara 12 ya kanga moja, korija ya boriti itakuwa na uzito mara 12 ya korija ya kanga. Lazima iwe hivyo, kwa sababu idadi ni sawa. Atomu moja ya kaboni ni nzito mara 12 ya atomu ya haidrojeni. Basi chagua idadi ambayo kwa haidrojeni inakupa gramu 1, na idadi hiyohiyo kwa kaboni itakupa gramu 12, kwa magnesiamu 24. Idadi yenyewe ndiyo hiyo 6.02 × 10²³. Haikuteremka kutoka mbinguni; ilichaguliwa ili namba za jedwali zigeuke kuwa gramu bila kusumbuka. Soma aya hii mara mbili au tatu. Ikikuingia, kanuni ya kwanza ya daftari lako hutaihitaji tena: gramu ulizo nazo ukizigawa kwa gramu za moli moja, unapata ni moli ngapi, kama vile ungegawa uzito wa mzigo wa boriti kwa uzito wa korija moja ukajua ni korija ngapi.

Kanuni nyingine tatu ni swali hilohilo likiulizwa kwa mlango mwingine. Ukipewa idadi ya chembe, gawa kwa 6.02 × 10²³. Ukipewa ujazo wa gesi, yale maneno ya Avogadro yanafanya kazi: moli ya gesi yoyote, iwe nyepesi kama haidrojeni au nzito kama kabonidayoksaidi, inakaa kwenye ujazo uleule, desimita za ujazo 22.4 (desimita moja ya ujazo ni lita moja) kwenye nyuzijoto 0 za selsiasi na kanieneo ya angahewa moja. Kwenye joto la chumba gesi imetanuka, wengi huchukua 24, kwa hiyo soma karatasi imekupa ipi. Ukipewa mmumunyo, ukolezo unakuambia kuna moli ngapi ndani ya desimita moja ya ujazo, nawe unazidisha kwa desimita ulizo nazo. Milango minne, chumba kimoja. Ukiona swali usijiulize "nitumie kanuni ipi", jiulize "hapa nimepewa nini, na kinanipa moli ngapi?"

Kisha kuna hatua ya pili, na hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea. Nimesahihisha madaftari mengi, na ningeombwa kutaja kosa moja tu ningetaja hili: mwanafunzi anavusha gramu mahali panapovuka moli peke yake.

Chukua gesi ya kupikia. Ndani ya mtungi mna mchanganyiko, lakini tufanye ni propani peke yake. Inapoungua vizuri:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Swali: gramu 8.8 za propani zinahitaji gramu ngapi za oksijeni? Mwanafunzi mwenye haraka anaona 5 mbele ya oksijeni, anazidisha 8.8 kwa 5, anaandika gramu 44. Amekosa. Ile 5 haisemi habari za gramu hata kidogo. Inasema molekuli moja ya propani inashikana na molekuli tano za oksijeni, kwa hiyo korija kwa korija tano, moli kwa moli tano. Mlinganyo ni kivuko, na abiria wake ni moli tu. Gramu zibadilishwe kuwa moli kabla ya kupanda, na zikishavuka ndipo zirudi kuwa gramu.

Fanya hivi basi. Moli moja ya propani ni 36 + 8, gramu 44. Gramu 8.8 ukizigawa kwa 44 ni moli 0.2. Vusha: 0.2 mara 5 ni moli 1.0 ya oksijeni. Moli ya O₂ ni gramu 32. Jibu ni gramu 32, si 44. Wakiuliza ujazo kwenye nyuzijoto 0, moli 1.0 ni desimita za ujazo 22.4. Wakiuliza kabonidayoksaidi, 0.2 mara 3 ni moli 0.6, na kwa gramu 44 kila moli unapata 26.4. Maji ni moli 0.8, yaani gramu 14.4. Unaona swali limegeuzwa mara tatu na wewe hujabadilisha njia.

Halafu jikague, na nakusihi uzoee kufanya hivi hata ukiwa na haraka. Vilivyoingia ni 8.8 na 32, jumla 40.8. Vilivyotoka ni 26.4 na 14.4, jumla 40.8. Mizani imekaa sawa. Yule wa gramu 44 angepata 52.8 upande mmoja na angejua hapohapo, ndani ya chumba cha mtihani, kwamba kuna kitu kimeharibika. Hakuna msimamizi atakayekuzuia kujisahihisha.

Na ikiwa oksijeni haitoshi? Fikiria muuza mishikaki mwenye vijiti 30 na vipande 80 vya nyama, kila kijiti vipande vinne. Atapata mishikaki 20, vijiti 10 vitabaki. Nyama ndiyo iliyoamua. Kwa hiyo kama kwenye zile moli 0.2 za propani una gramu 16 tu za oksijeni, yaani moli 0.5, oksijeni inatosha moli 0.1 ya propani; kila kitu unakihesabu kutoka kwenye oksijeni, na kabonidayoksaidi inashuka hadi moli 0.3. Kwenye karatasi tunasema propani iliyozidi inabaki. Nyumbani haibaki kwa amani: moto uliokosa hewa hutoa masizi na kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Ndiyo sababu jiko la mkaa halilazwi chumbani na madirisha yamefungwa. Hilo lijue hata lisipoulizwa.

Nikupe mfano mwingine ulio karibu na sisi wa Pwani, maana unanipendeza. Kuta za nyumba za kale za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo kwenye matanuri ya kuni. Matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Namba zake ni nyepesi kiasi kwamba watunga mitihani wanazipenda: gramu 100 zinatoa gramu 56 na 44. Ukichoma gramu 25, hizo ni moli 0.25, unapata gramu 14 za chokaa na desimita za ujazo 5.6 za gesi kwenye nyuzijoto 0. Mwashi akiimwagia maji chokaa hiyo inachemka kwa joto lake yenyewe na kuwa Ca(OH)₂, na ikishapakwa ukutani inaivuta kabonidayoksaidi kutoka hewani taratibu mpaka inarudi kuwa kalsiamu kabonati, jiwe tena. Ndilo jambo lilelile unaloliona maabara ukipuliza pumzi kwenye maji ya chokaa yakawa meupe kama maziwa. Ukuta na bomba la kioo, mlinganyo mmoja.

Twende kwenye titresheni, kwa sababu hapo una alama ambazo mtu aliyejiandaa hapaswi kuzikosa. Tuseme sentimita za ujazo 25 za sodiamu kabonati, yenye gramu 5.3 kwenye kila desimita ya ujazo, zimemaliza sentimita za ujazo 20.00 za asidi ya haidrokloriki. Tafuta ukolezo wa asidi.

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli ya sodiamu kabonati ni gramu 106. Gramu 5.3 ni moli 0.05 kwa desimita. Ndani ya sentimita 25, ambazo ni desimita 0.025, mna moli 0.00125. Vuka kivuko: asidi ni mara mbili, moli 0.0025. Zilikuwa ndani ya desimita 0.020, basi ukolezo ni moli 0.125 kwa desimita. Anayesahau ile 2 anapata 0.0625, nusu kamili. Kila ukiona jibu lako ni nusu au mara mbili ya la mwenzako, usibishane naye juu ya kikokotoo, angalieni mlinganyo.

Mambo ya mezani nayo yanaeleweka ukifikiri kwa moli. Kwa nini bureti unaisuuza kwa asidi yenyewe na pipeti kwa kabonati, lakini chupa ya koni kwa maji tu? Kwa sababu maji yaliyobaki kwenye bureti yanaizimua asidi, na kila tone linashuka na moli pungufu. Chupa ya koni ukiisuuza kwa kabonati unaongeza moli ambazo hukuzipima. Lakini maji ndani ya chupa ya koni hayaongezi wala hayapunguzi moli hata moja. Unaweza hata kunyunyizia maji kuteremsha tone lililoganda pembeni, hesabu isiharibike. Hili huulizwa, na anayelijibu kwa kutaja moli anajibu vizuri kuliko aliyekariri kwamba "ndivyo inavyofanywa".

Kiashiria, ile dawa inayobadili rangi kukuonyesha umefika mwisho, vilevile. Kwa kabonati na asidi kali tumia methili oranji, inayotoka manjano ikielekea nyekundu. Ukitumia finofithalini rangi itapotea katikati ya safari, pale kabonati inapogeuka tu kuwa haidrojeni kabonati, na bureti itasoma 10 badala ya 20. Soma sehemu ya chini kabisa ya mkunjo wa mmumunyo, macho yakiwa usawa wake, andika desimali mbili, na lile jaribio la kwanza la kutafuta mahali rangi inapogeukia usilitie kwenye wastani.

Imebaki mitego midogo. Oksijeni, haidrojeni, naitrojeni na klorini zikiwa gesi hutembea wawiliwawili. Moli ya gesi ya klorini ni gramu 71, na 35.5 ni ya atomu. Ile 22.4 ni ya gesi peke yake, kamwe usiitumie kwa maji ya kimiminika. Fuwele zenye maji ndani yake zihesabu na maji yake: Na₂CO₃·10H₂O ni 286, si 106. Na sentimita za ujazo zigawe kwa 1000 kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu wiki zako tisa. Mbili za kwanza usiguse swali la moli hata moja. Fanyia kazi alama na valensi (idadi ya mikono ya kushikana na nyingine) za elementi 20 za kwanza pamoja na chuma, shaba, zinki na risasi, uandike fomula na kusawazisha milinganyo mpaka mkono uende wenyewe. Wengi wanaosema moli imewashinda, wameshindwa hapa. Kivuko kikiwa kibovu abiria hawafiki. Wiki nne zinazofuata, maswali matatu kila siku, si thelathini Jumamosi moja, na kila mstari uandike namba ni ya nini: moli za nini, gramu za nini. Zilizobaki ni za mitihani iliyopita, kwa saa, pamoja na zile taarifa za Baraza la Mitihani zinazochambua majibu ya watahiniwa. Zisome. Utakuta makosa yako mwenyewe yameandikwa na watu wa mwaka mwingine.

Mtihani ni wa Kiingereza, najua, na sehemu ya shida yako huenda ni hiyo. Ukikwama, liambie swali kwa Kiswahili kimoyomoyo: nimepewa nini, natakiwa nivuke niende wapi? Ukishajua, andika kwa Kiingereza. Sioni aibu yoyote katika hilo. Mimi mwenyewe nafikiri hivyo mpaka leo.

Kabla hujaanza ratiba hiyo, jipime kwa hili usiku huu. Gramu 4.6 za sodiamu zimemenyuka zote na maji, zikatoa haidrojeni na NaOH. Tafuta ujazo wa haidrojeni kwenye nyuzijoto 0. Kisha mmumunyo wa NaOH uliobaki ukaongezewa maji mpaka ukafika sentimita za ujazo 500. Tafuta ukolezo wake. Mwisho, sentimita 25 za mmumunyo huo zinahitaji sentimita ngapi za asidi ya salfuriki yenye ukolezo wa 0.2 ili zimalizane? Milinganyo iandike mwenyewe. Ukipata desimita 2.24, kisha 0.4, kisha sentimita 25, wiki zako mbili za fomula zinaweza kuwa moja. Ukipata 50 kwenye lile la mwisho, ulisahau kwamba molekuli moja ya asidi hiyo inakula NaOH mbili. Rudi kwenye mlinganyo, uliobaki uko sawa. Ukikwama kabla ya hapo, niandikie mstari uliokukwamisha, si swali zima.